Wana wa Bi Mwanaheri

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa darasa la tano alirudi na kazi ya shule. Alitandaza makaratasi sebuleni, akakoroga unga wa ngano na maji ya moto ndani ya kikombe changu cha chai, kikombe changu hasa, na vikombe vingine vipo, akaanza kugandisha karatasi kwa karatasi. Mimi nilikuwa jikoni. Harufu ya ule uji, unga uliopata moto bila chumvi wala sukari, ilinifuata huko huko, na kabla sijajua nimekasirikia nini nilikuwa nimekwisha kukasirika. Nikamfokea mtoto kwa ajili ya kikombe. "Bibi, ni mti wa ukoo tu," akasema. "Mwalimu anataka tuanzie mbali tuwezavyo." Nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi ya mlango kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Mtu akishafika umri huu hasira zake nyingi ni za zamani, ila hutafuta kikombe cha kutokea. Hii yangu ina umri wa miaka mingi kuliko mama yake mtoto huyu, na ilianza kwa uji wa ngano vilevile.

Nililelewa Amu, ndiyo Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene hivi kwamba nikitia mkono kwenye vidaka vya ukutani uliingia wote mpaka begani. Tulikaa humo wawili, mimi na bibi yangu, Bi Mwanaheri. Mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno ya mbele. Baba yangu alikuwa Mombasa, kazini bandarini, na mke mwingine na watoto wengine, na barua yake ilikuja pale alipokumbuka. Kwa hiyo nyumba ile ndiyo niliyokuwa nayo. Nilijua kidaka gani kina mjusi, na jiwe gani la uani hubaki baridi hata adhuhuri, na mahali gani ukutani pana chokaa yenye chumvi nzuri ukiilamba. Bibi alikuwa akinikuta nalamba ukuta akanipiga kofi la mgongoni, kisha akacheka.

Nyumba haikuwa mali ya Bibi. Ilikuwa wakfu. Mama mmoja wa zamani, Mwanaesha, aliyemzaa bibi yake Bibi, aliiacha kwa wote waliotoka tumboni mwake na watakaotoka tumboni mwao, wakae humo wenye haja ya kukaa, isiuzwe wala isirithiwe. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza ni kina nani hasa. Msimamizi alikuwa mzee wa ukoo, na yeye alimjua kila mtu kwa sura, na yaliishia hapo. Kisha mzee akafa. Bendera mpya ilikuwa imepanda, ofisi zilikuwa zikitaka kila kitu kwenye karatasi, na usimamizi ukamwangukia Bwana Athmani, mtoto wa kaka yake Bibi, mtu mpole mwenye kikohozi, ambaye hakuutaka.

Nakumbuka siku aliyokuja. Bibi alikuwa akipepeta mchele, mimi nikifanya hesabu za shule sakafuni.

"Shangazi," akasema Bwana Athmani, "watu wa ofisi ya Mombasa wataka orodha ya kizazi cha Mwanaesha. Majina ya wote wenye haki ya kukaa humu. Na waitaka kwa herufi za kizungu. Nitaipeleka baada ya Maulidi."

"Na asoandikwa?" akauliza Bibi.

"Asoandikwa, akiya kesho akabisha hodi, hana lake."

"Na aloandikwa?"

"Aloandikwa hatoki. Hata nikifa mimi, hata ukifa wewe, hatolewi na mtu."

Bibi akaacha kupepeta. Akanitazama, akanitazama kwa muda, mpaka nikaona haya. Mimi nilidhani ananitazama kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wasichana wote wa shule, na Bwana Athmani mwenyewe aliandika kwa herufi za Kiarabu tu.

"Mtoto huyu ataandika," akasema Bibi.

"Majina tu," Bwana Athmani akaniambia. "Usiingie mambo mengi. Nyumba hii kina fulani, nyumba ile kina fulani, basi."

Laiti ningalimsikiliza. Lakini mtoto aliyesifiwa mwandiko hasikii. Kesho yake nikampelekea habari Mwalimu Priska. Alikuwa Mtaita, Mkristo, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, na alitufundisha hesabu kama mtu anayegawa peremende. Hakuwa na kosa lolote katika haya. Nasema mapema kwa sababu miaka mingi nilimtafutia kosa, nikamkosea yeye.

"Vizuri sana!" akasema. "Usiandike orodha, chora mti. Kila jina liwe na mstari kutoka kwa mama au baba yake. Jina lisilo na mstari utajuaje limetoka wapi? Lakini kwanza tukadirie."

Akachukua chaki. Mwanaesha alizaa wangapi? Watano, nikasema, hilo nililijua kwa Bibi. Tuseme kila mmoja alizaa watano. Watoto watano, wajukuu ishirini na watano, vitukuu mia na ishirini na tano. Vilembwe mia sita na ishirini na tano. Na mimi, niliyekuwa ngazi ya tano, kilembwekeza, nilikuwa mmoja kati ya elfu tatu mia moja na ishirini na tano. Akajumlisha wote: elfu tatu mia tisa na tano. Darasa zima likapiga kelele. Nikarudi nyumbani nikimtazama kila mtu njiani. Muuza mahamri, wachukuzi wa gatini, wanawake waliofunika nyuso, wote hawa ni ndugu zangu. Nikamwamkia mzee mmoja kwa furaha ya udugu, asiyenijua kabisa, akaniitikia kwa mashaka na kuharakisha mwendo.

Bibi alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. "Bibi," nikasema, "tuko elfu tatu mia tisa na tano."

"Tuko nani?"

"Kizazi cha Mwanaesha. Tumepiga hesabu ubaoni."

Aliiweka nazi chini. Akaenda jikoni akarudi na ngumi imefumba, akaizungusha juu ya kichwa changu mara saba, akisoma, kisha akakitupa motoni kilichokuwamo. Ilikuwa chumvi na pilipili kavu. Nyumba ikajaa kikohozi.

"Nazi huhisabiwa," akasema machozi yakimtoka. "Kuni huhisabiwa. Wana wa watu hawahisabiwi. Wataka mato ya watu, kijicho hicho, yatumalize? Na ubaoni! Mbele ya watu!"

Nilikuwa na swali moja tu, na lilinisumbua tangu shuleni. "Bibi, wote hao wakija watalala wapi? Vyumba ni vinne."

Alicheka hapo, katikati ya moshi, akaniambia ndoo hapa, nimkaribie, akanifuta makamasi kwa kanga. Nikajua amenisamehe, na nikajua vilevile kuwa hatanisaidia hata chembe.

Nikaanza kazi. Nilikusanya karatasi za kaki za mifuko ya sukari, nikazikunjua, nikazinyoosha kwa chupa ya maji moto, nikazigandisha kwa uji wa ngano mpaka zikawa na upana wa mkeka. Zilinuka uji na sukari, na sisimizi walizipenda. Juu kabisa nikaandika MWANAESHA kwa herufi kubwa. Chini yake watano. Mpaka hapo mti wangu ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya, na kutoka hapo kukawa ni balaa.

Kwetu mtoto hupewa jina la bibi au babu yake. Mnajua nyote. Basi watano wale kila mmoja alimpa binti yake Esha, na mabinti wale nao wakazaa, na wana wao wakarudisha jina, mpaka nikawa na kina Esha kumi na wawili, wanane kati yao wakiwa Esha Ali. Nikimwuliza Bibi, "Esha aliyeolewa Siyu ni mtoto wa nani?" Jumatatu alikuwa mtoto wa Salima, mjukuu mmoja wa Mwanaesha. Jumatano alikuwa dada yake Salima. Ijumaa, "Esha gani? Huyo alikufa mdogo." Na mbona ameolewa? "Basi ni mwengine."

"Salima alizaa wangapi, Bibi?"

"Alizaa wa kutosha."

"Wangapi?"

"Mola alimjaalia. Kanitilie mayi."

Kila swali liliishia kwenye maji, au kuni, au kwenda dukani kununua kiberiti na tuna viberiti vitatu. Mara mbili nilikuta mti wangu umemwagikiwa tui, na Bibi akasema astaghfirullah, mkono wake umekuwa mzee. Mkono ule ulikuwa ukitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mimi nikauamini uzee wake, maana nilikuwa na umri ambao mkubwa hawezi kukufanyia hila, anaweza tu kuwa mjinga. Nikagandisha karatasi mpya juu ya zilizoroa. Nikaandika upya. Nililia kwa hasira usiku mwingi, na mchana nilikuwa nikimjibu vibaya, na yeye hakunipiga, jambo ambalo lingalinishtua kama ningalikuwa na akili.

Na binamu! Kwetu binamu huoa binamu, nyama ya hamu. Nikishuka na tawi la Salima ninamkuta mtu, nikishuka na tawi la kaka yake ninamkuta mtu yuleyule, ameshika mistari miwili. Nilimpelekea Mwalimu Priska. Akaugeuza mti, akaugeuza tena.

"Sasa huyu ni kitukuu au kilembwe?"

"Vyote viwili, Mwalimu. Kwa baba ni kitukuu, kwa mama ni kilembwe."

"Na umemhesabu mara ngapi?"

Nilikuwa nimemhesabu mara mbili, yeye na wanawe na wajukuu wake. Nikafuta. Elfu tatu na zaidi zilikuwa zimeshayeyuka zamani, kwa waliokufa wachanga, na waliokwenda Barawa na Unguja wasirudi, na wanawake ambao hawakujaliwa. Sasa nikashuka chini ya mia mbili. Kila siku niliyofanya kazi jamaa zangu walipungua, na kila jioni nilikuwa mkali zaidi.

Tawi moja tu lilinipa raha, na hilo lilikuwa la Bibi mwenyewe. Sikuhitaji kumwuliza mtu. Kila Idi walikuja watu wazima sita, wanaume wanne na wanawake wawili, wakambusu mkono Bibi, wakamwita mama, wakaleta kitambaa na halua. Mtaa mzima uliwaita wana wa Bi Mwanaheri. Pamoja na mama yangu, saba. Nikawaandika wote, na watoto wao, kwa mwandiko wangu bora kabisa. Kulikuwa na kasoro ndogo. Kila mmoja wa wale sita alikuwa na jina la baba yake mbali. Nikafikiri, nikapata jibu: Bibi aliolewa mara sita. Nikawachora waume sita, na mama yangu nikamtia kwa yule wa kwanza. Tena wawili kati yao walizaliwa mwaka mmoja, na baba zao mbalimbali. Nikaandika: pacha.

Siku chache kabla ya Maulidi akaja Bi Mwanajuma kutoka Pate, binamu yake Bibi, mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alikuwa ameshika vichwa vya nusu ya ukoo vikija duniani. Nilipomwonyesha mti alikaa chini, akaweka tumbaku shavuni, akaanza kunimwagia. Esha wa Siyu mtoto wa fulani, na alizaa huyu na huyu na huyu. Salima alizaa tisa, wakafa wanne, majina yao haya. Nilikuwa naandika mpaka vidole vinaniuma. Kwa saa mbili nilipata yote niliyonyimwa kwa miezi miwili. Bibi alikuwa akiingia na kutoka, akiingia na kutoka, mara na sahani, mara bila kitu.

"Bi Mwanajuma," akasema, "mtoto amechoka."

"Sikuchoka!" nikapiga kelele.

Kisha Bi Mwanajuma akafika kwenye tawi la Bibi. Hakujua kusoma, basi nikamsomea kwa fahari, waume sita, wana saba, pacha. Akaangusha kichwa nyuma akacheka mpaka tumbaku ikamtoka.

"Hee! Mwanaheri! Umeolewa mara sita na sisi hatukualikwa harusi?" Akanishika mkono. "Mwanangu, hawa si wa tumbo. Hawa ni wa ziwa. Bibi yako alipofiwa na kitoto chake, maziwa yalimjaa asijue pa kuyapeleka. Mimi ndimi nilomletea wa kwanza, mamake hana kitu. Kisha akaya wa pili, kisha wa tatu. Miaka minne ziwa halikukauka. Nusu ya Mkomani wamemnyonya huyu. Ni wanawe, ndio. Wao kwa wao hawawezi kuoana. Lakini nyumba ya Mwanaesha ni ya tumbo."

Sijui niwaelezeeje hasira ile. Nilimgeukia Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mbona hukuniambia? Uliniona nikiwaandika! Kila siku uliniona!"

"Uliandika wanangu," akasema Bibi. "Hao ni wanangu."

"Wameharibu mti!"

"Na huyu wa saba," akaanza Bi Mwanajuma, kidole kikiwa juu ya jina la mama yangu.

"Mwanajuma. Chai yako yapoa."

Bi Mwanajuma akamtazama Bibi. Kidole kikarudi mapajani. Akanywa chai, ambayo ilikuwa bado inatoa moshi, akaanza kufunga tumbaku yake. Mimi nilidhani wamegombana juu ya chai. Nilikwishachukua rula. Mwalimu Priska alikuwa amenipa kalamu ya wino mwekundu kwa kazi safi, na kwa wino ule nikawakata wale sita, mmoja mmoja, mstari ulionyooka juu ya kila jina, na watoto wao chini yao. Ishirini na wawili walitoka. Tukabaki mia na kumi na tisa. Chini ya jina la Bibi palibaki jina moja jeusi safi, mama yangu, na chini yake mimi.

Nilijivuna. Huo ndio ukweli na ndio unaoniudhi mpaka leo. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Baada ya Maulidi, alasiri, Bwana Athmani akaja na wazee wawili wa ukoo wawe mashahidi. Nikautandaza mti sakafuni. Wazee walisema mashallah, na mmoja akapiga magoti kulitafuta jina lake, akalikuta, akaligusa. Bwana Athmani alikuwa amemleta kijana wa kumsomea, na kijana akasoma tawi baada ya tawi na wazee wakiitikia, ndiye, ndiye, Mungu amrehemu, ndiye. Wakafika kwa Bibi.

"Hapa pana wekundu," akasema Bwana Athmani. "Hawa wamekatwa kwani?"

"Hao ni wa ziwa, Bwana Athmani," nikasema, mikono nyuma kama shuleni. "Wala si wa tumbo. Nimewatoa."

"Umefanya vyema," akasema mmoja wa wazee. Kisha akainama zaidi. "Na huyu alosalia? Mbona yeye hukumkata?"

"Huyo ni mama yangu."

Mzee alimgeukia mwenzake. "Mamake mtoto huyu si yule binti wa Bi Zena, jirani? Bi Zena alokufa uzazini?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mzee akikumbuka kwa sauti. Mimi nikasubiri Bibi amwambie amekosea, kama alivyozoea kuwaambia watu wote wamekosea. Bibi alikuwa ametoka kuswali, maji ya udhu bado yako kwenye nyusi zake. Bwana Athmani akakohoa, akakohoa tena, akamtazama shangazi yake kama mtu anayeomba radhi kabla ya kosa.

"Shangazi, lingalikuwa jina tu, ningalipita. Nilimwambia aandike majina. Lakini hapa pana mstari kutoka kwako, na mimi nitautilia sahihi mbele ya Mola. Nambie wewe. Utakalosema ndilo nitakaloandika."

Alimpa njia. Sasa naiona, pana kama njia kuu. Neno moja tu, na wazee wale wangalikwenda zao, maana nani angalibishana na Bi Mwanaheri juu ya tumbo lake? Bibi alinitazama vilevile alivyonitazama siku ya mchele, na safari hii nilielewa kwamba si kwa sababu ya mwandiko.

"Tumboni mwangu hakutoka," akasema.

Bwana Athmani akachukua kalamu nyekundu, akaiweka chini. Mzee aliyeuliza akaanza kusema kwamba labda, kwamba pengine, akaacha. Ndipo Bibi akasema, "Kata, mwanangu. Rula unayo wewe."

Nikapiga magoti. Nikaweka rula juu ya jina la mama yangu nikakata, nikaishusha juu ya jina langu nikakata. Mistari ilinyooka. Mnajua nililia nini? Nililia kwa sababu wa pili ulivuja, karatasi pale ilikuwa na unyevu, na wino ukatapakaa ukaharibu ukingo. Hayo mengine yalikuja baadaye, na hayajaisha kuja.

Walipokwenda, Bibi aliketi kando ya mti. Ilikuwa mara ya kwanza kuukaribia bila tui mkononi. Akaniuliza, "Hisabu sasa. Tuko wangapi?"

"Mia na kumi na saba."

"Na kwangu? Kwangu wamesalia wangapi?"

Nikatazama chini ya jina lake. Mistari myekundu, na chini ya mistari myekundu karatasi ya kaki.

"Hapana kitu, Bibi."

"Haya," akasema. Akashika goti, akainuka, akaenda kunipikia.

Nilimnunia siku nne. Naona haya kuiandika lakini ndivyo. Nilimwambia angeweza kusema uongo, mdogo tu. Nilimwambia angeweza kuniambia mapema, nikaacha mti ule na pacha wake na waume wake. Alisema, "Nikwambie nini? Kwamba si wangu? Nilingoja uchoke. Watoto wote huchoka. Siyui wewe ulitoka wapi na kuhisabu kwako." Na alisema hivyo akinisuka nywele, akizivuta kidogo kuliko ilivyohitajika. Wahenga wanasema damu ni nzito kuliko maji. Maziwa hawakuyataja, na sijui walikuwa wapi siku hiyo.

Bibi alikufa nikiwa karibu kuvunja ungo. Wale wanawake wawili niliowakata ndio waliomwosha, na kati ya wanaume wanne watatu waliingia kaburini kumpokea. Bwana Athmani alinipa miezi sita zaidi ya haki, na aliniletea habari kwamba chumba kimepewa familia ya Esha wa Siyu akilia kuliko mimi. Hakuna aliyenidhulumu. Nimetafuta wa kumlaumu miaka yote hii na kila nikitafuta namkuta msichana mwenye rula. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Baba akatuma mtu, nikaja Mombasa, na mpaka leo sijalala tena katika nyumba yenye vidaka.

Mjukuu wangu alinifuata kwenye ngazi. Alikuwa amekiosha kikombe. Akakaa karibu nami na daftari lake, akanionyesha: yeye, mama yake, mimi, mama yangu. Juu ya mama yangu palikuwa patupu.

"Andika Bi Mwanaheri," nikamwambia.

Akaandika, akaanza kupapasa begi atafute rula. Nikamwambia mstari wa mkono unatosha. Akauchora, umepinda kidogo, kutoka kwa Bi Mwanaheri mpaka kwa mama yangu, kisha akauliza lile ambalo mtoto yeyote angeliuliza, kalamu imesimama.

"Alizaa wangapi?"

"Wa kutosha," nikasema. "Kaniletee maji."